Biti Ishirini na Posa Moja

Kama wiki iliyopita ulinicheka mpaka mbavu zikakuuma, zipake dawa mapema. Ya leo ni mabaya zaidi, na mwenye makosa ni yule yule: mwenzenu.

Kwa ambaye gazeti lilimpita, nieleze kwa kifupi. Mimi naitwa Bushiri, ni muuzaji katika duka la redio la bwana Pankaj, hapa Msimbazi. Dukani hakuna anayeniita Bushiri. Naitwa Injinia, jina nililojipa mwenyewe siku ya kwanza kazini, maana Bushiri lilikuwa haliuzi.

Nampenda Sabaha. Sabaha naye ananipenda, sijui kaona nini. Nimepeleka posa kwao kwa mkono wa mshenga, kama desturi inavyotaka. Baba yake, Mzee Abbasi, alikuwa hajawahi kuniona.

Wiki iliyopita nikamuuzia deki ya CD mzee mmoja mwenye miwani mizito. Nilimwapia wallahi kwamba deki ile ni ya biti ishirini, kwa hiyo sauti yake ni safi kuliko ya biti kumi na sita. Akalipa, akatoka. Nje alikuwa anasubiriwa na binti yake. Binti akasema, "Baba, umepata?" Binti mwenyewe ni Sabaha.

Basi Mzee Abbasi akawa na watu wawili kichwani. Bushiri, mposaji, hajamwona. Injinia, muuza deki, amemwona na ameshamlipa. Kwamba wote wawili ni mimi, hajui.

Sasa utaniuliza, biti ni nini? Bwana we, usiniulize. Tangu ruksa ya kuagiza bidhaa nje ianze, kila kontena la Dubai linaleta deki yenye namba mpya usoni. Ilikuwa kumi na sita, ikaja kumi na nane, sasa ishirini kwa maandishi ya dhahabu. Nilichojua ni kwamba ishirini ni nyingi kuliko kumi na sita, na mteja naye alijua hivyo hivyo.

Siku moja mama mmoja aliniuliza mbona kuna deki imeandikwa biti moja, na ni ghali kuliko zote. Nikamjibu bila kupepesa macho: "Hiyo moja, mama, ni kubwa." Akanunua.

Halafu kulikuwa na kidole gumba. Ukimsikilizisha mteja deki ya bei ndogo, unaiacha sauti ilipo. Ukihamia ya bei kubwa, kidole gumba kinapandisha volyumu kidogo tu, mteja asishtuke. Atasema, "Eeh, hii ndiyo yenyewe!" Bosi ndiye aliyenifundisha. Nilifanya hivyo mpaka kidole kikazoea kupanda chenyewe, na mimi bwege nikaamini kwamba nasikia biti.

Haya, tuendelee.

Alhamisi asubuhi Mzee Abbasi akaingia dukani na deki yake kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Injinia, nyumbani ninayo deki nyingine ya biti kumi na sita, aliniletea shemeji yangu kutoka Maskati. Nimezisikiliza zote mbili kwa CD moja. Sisikii tofauti."

"Tofauti ipo, mzee. Masikio yanataka kuzoea."

"Masikio haya yamepiga fidla kwenye taarabu tangu sijaoa. Yazoee nini tena?" Akaiweka deki juu ya kaunta. "Nimeuliza watu nikaambiwa CD yenyewe imetiwa biti kumi na sita. Sasa hizo nne za juu zinatoka wapi? Ukipika wali wa watu kumi na sita, ukaupakua kwenye sahani ishirini, wali umeongezeka?"

Wateja wakacheka. Mimi nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naficha uso.

"Mzee, hizo nne ni za Mjapani. Anaziongeza mwenyewe kiwandani."

"Mzee wangu," bosi Pankaj akaingilia kutoka kwenye kiti chake, "mali ikiuzwa hairudi. Kibao kile pale ukutani."

"Sijaja kurudisha, nimekuja kutafuta ukweli. Inawezekana aliyeitengeneza kaifanya kazi vizuri zaidi, sikatai. Basi nionyeshwe. Nikiisikia hiyo tofauti nitanyamaza. Nisipoisikia, nitakaa hapa mlangoni kwako na kiti changu, kila mteja akipita nimweleze habari ya wali."

Bosi aliona hatari mara moja. Mzee wa makamo yale, na kofia yake ya kiua, mlangoni kwa duka la Msimbazi! Nani angeingia?

"Injinia atakuja nyumbani kwako akuonyeshe," bosi akasema.

"Vizuri. Aje Jumapili saa nne. Nina wageni siku hiyo, watu wa posa wanakuja kuchukua jibu. Watakuwa mashahidi."

Hao watu wa posa ni wangu!

"Jumapili, mzee, nina udhuru."

"Udhuru gani? Unaoa?"

Mzee alipotoka, bosi aliniita pembeni. "Injinia, usipokwenda Jumapili, Jumatatu usije." Kazi ikiondoka na posa inaondoka, maana hakuna baba Kariakoo anayemwozesha binti yake mzururaji. Nikasema nitakwenda.

Jioni nikamvizia Sabaha sokoni, kwenye mafungu ya bamia.

"Mambo?"

"Hakuna cha mambo," Sabaha akasema. "Nenda leo hii ukamwambie baba kwamba Injinia ndiye Bushiri."

"Nitamwambia posa ikishapita."

"Ikishapita utakuwa umemdanganya mara mbili."

"Sikiliza mpenzi. Jumapili nikimwonyesha tofauti, atanipenda kwanza kama Injinia. Hapo ndipo nitamwambia, naye atafurahi maradufu."

"Utamwonyesha vipi? Hutaruhusiwa kugusa volyumu."

Ndiyo, nilishawahi kujisifu kwake habari za kidole. Mapenzi bwana, unatoa siri zote.

"Kidole ni cha wateja," nikamjibu kwa hasira. "Mimi mwenyewe nasikia!"

Aliniangalia kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtoto anayeapa kwamba kaona jini chooni. Akachukua bamia zake akaondoka.

Nikaenda Feri kumtafuta mshenga wangu, Ami Nurdin. Yeye anakaanga samaki pale, na nilimchagua kwa sababu mdomo wake unaweza kumuuzia samaki mvuvi.

"Ami, Jumapili na mimi nitakuwepo."

Aliacha kugeuza samaki. "Astaghfirullah! Mposaji na posa yake wapi na wapi? Umeona wapi muoaji anakaa anasikiliza akisifiwa?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka samaki wake wakaanza kuungua.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa namsifu Bushiri, na Injinia kakaa pembeni yangu?"

"Ndiyo, Ami."

"Basi mimi sikujui. Ukinitazama sana nitakutukana."

Jumapili ikafika. Ukumbi wa Mzee Abbasi, Mtaa wa Sikukuu, ulikuwa umetandikwa mikeka. Ami Nurdin alikuja na wazee wawili wa kusindikiza, wote kanzu zimepigwa pasi. Mimi nilikaa karibu na mlango na tai yangu ya dukani. Kahawa ikapita, halua ikapita, mimi sikuionja.

"Kijana wetu Bushiri," Ami Nurdin akaanza, "ulimi wake haujui uongo, mzee. Tangu utoto wake. Jambo asilolijua, halisemi."

Nikaanza kuhesabu boriti za dari.

"Mashallah," Mzee Abbasi akasema. "Hao wamekwisha siku hizi. Tazama huyu." Akaninyooshea kidole. "Huyu kaniapia wallahi juu ya deki ya CD."

Ami Nurdin akanigeukia taratibu, kama ndiyo kwanza ananiona. "Vijana wa Kariakoo," akasema, akitikisa kichwa. "Mungu atunusuru nao." Alikuwa anafaidi, nilimwona.

"Jibu la posa nitatoa," Mzee akasema, "ila kwanza tulimalize hili."

Spika alikuwa ameziweka pale ukumbini. Deki zote mbili zilikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Humo ndani alikuwamo Sabaha, maana binti siku ya posa yake hakai mbele za watu, na ndiye aliyepewa kazi ya kuhamisha CD moja kutoka deki hii kwenda ile. Mimi nisikilize, niseme ipi ni biti ishirini.

Fidla ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena.

Jamani, nilisikia! Ile ya pili ilikuja mbele, imechangamka, imejaa.

"Ya pili ndiyo ishirini," nikasema.

"Kweli," sauti ya Sabaha ikajibu kutoka ndani.

Tukarudia. Nikapata. Tukarudia tena, nikapata tena. Mama Sabaha kutoka uani akasema hata yeye ameisikia. Wale wazee wawili wakaanza kunitazama kwa heshima.

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mwenzenu akasimama.

"Mnaisikia ile fidla, wazee wangu? Kwenye kumi na sita ilikuwa imejifunika blanketi. Biti nne zilizoongezeka ndizo zilizolivuta lile blanketi. Ndiyo sayansi hiyo!"

Mzee Abbasi alijivuta akasimama, akaenda mpaka kwenye pazia.

"Sabaha, nenda uani kwa mama yako. Nitapiga mwenyewe."

Akaingia chumbani. Fidla ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikasubiri ile iliyochangamka. Haikuja. Zilikuwa sawasawa, hata mwanzo wake na mwisho wake. Nikalegeza tai.

"Ipi?" Mzee akauliza kutoka ndani.

"Ya... kwanza."

"Na sasa?"

"Ya pili."

"Na hii?"

Nilifumba macho. Nilitaka kusikia kwa nguvu zote, na mtu akitaka sana husikia. "Hiyo hapo!" nikapiga kelele. "Sikilizeni inavyong'aa! Hiyo ndiyo ishirini, wala sina shaka!"

Pazia likafunguka. Mzee Abbasi akatoka ameshika waya wa deki ya biti ishirini, plagi inaning'inia.

"Hii sikuiwasha hata mara moja," akasema. "Zote ulizosikia ni ile ya Maskati."

Loo! Ukumbi ulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Aliyecheka kuliko wote ni mshenga wangu, alikuwa anafuta machozi kwa kilemba cha kuazima.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Ndiyo kwanza ilikuwa inavua viatu iingie.

Mzee Abbasi yeye hakucheka. "Zile za mwanzo ulipata zote," akasema. "Ulipataje?"

"Masikio, mzee."

"Masikio! Binti yangu alikuwa anapandisha volyumu kila akifika kwenye ishirini. Kidogo tu. Sauti ikizidi kidogo mtu huiona nzuri zaidi, hajui kwa nini. Kwenye chama chetu cha taarabu, mpiga fidla aliyetaka kusifiwa alikuwa anasogeza kiti karibu na maikrofoni. Mchezo huo naujua."

Nikainamisha kichwa. Kumbe ujuzi wangu wote ulikuwa huruma ya Sabaha. Mtoto wa watu kanisaidia nyuma ya pazia, na mimi nikasimama kuhutubia habari za blanketi. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayouma kifuani.

"Sasa nauliza," Mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Binti yangu amwonee huruma muuza deki kwa lipi? Sabaha!"

"Abee, baba," ikatoka uani.

"Huyu kijana unamjua?"

"Namjua."

"Unamjua kwa jina gani?"

Ami Nurdin akakohoa. Nilijua Sabaha ananiachia nafasi niseme mwenyewe. Nafasi ilikuwa kubwa, lori lingepita. Mimi nikatazama kikombe changu cha kahawa.

"Injinia," Sabaha akajibu, na nikasikia machozi ndani ya sauti yake.

Mzee alivua miwani. "Nimeelewa," akasema. Akamgeukia mshenga. "Bwana Nurdin, nilikusudia kuwaomba muda wa kufikiri. Sasa sitaki muda. Kuna mwongo anamnyemelea mwanangu, na nimemkaribisha mwenyewe mpaka ukumbini. Binti yangu namtaka kwa mume mkweli. Posa nimeikubali. Namwozesha Bushiri."

Vigelegele vikapasuka uani!

Ndugu yangu, kwa muda mfupi sana mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bongo hii. Nilikaribia kumrukia mzee nimkumbatie. Nimekubaliwa! Nimekubaliwa kwa sababu Injinia amekataliwa!

"Ila," Mzee akaendelea, "nataka nimwone kwa macho yangu, leo hii. Nenda kamlete."

"Mzee, desturi..." Ami Nurdin akaanza.

"Desturi inanikuta nina mwizi ukumbini. Kamlete."

Nikasimama haraka. Wazo lilinijia kwamba nikitoka nje, nikivaa kanzu, nikivua tai, labda... "Na mimi, mzee, niwapishe."

"Wewe kaa chini! Hutoki hapa mpaka Bushiri aje. Nataka umwone mwanamume mkweli alivyo, huenda ukajifunza."

Nikakaa. Ami Nurdin akavaa viatu, akanitazama, akatoka. Nikabaki nimekaa namsubiri Bushiri.

Nilisubiri mpaka adhana ya adhuhuri ikalia na watu wakaswali wakarudi. Mara mlangoni: "Hodi!"

Ami Nurdin aliingia jasho linamtiririka. Nyuma yake kulikuwa na kijana mrefu, sura nzuri, hilo nalikiri kwa shingo upande. Nilimtambua. Ni Ramadhan, anayekaanga ngisi jirani na Ami Nurdin pale Feri. Kanzu ilikuwa imemfika chini kidogo ya magoti.

"Huyu hapa Bushiri," Ami Nurdin akatangaza. Alipokaa karibu yangu aliniinamia kama anayetafuta kiatu. "Nimekuokoa," akanong'ona. "Atatazamwa tu, tuondoke. Mengine tutayapanga kesho."

Mzee Abbasi akamsogelea yule kijana. "Wewe ndiye Bushiri?"

Ramadhan akamtazama Ami Nurdin. "Ndi... ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nikuulize neno moja. Biti ni nini?"

"Sijui, mzee."

"Hujui hata kidogo?"

"Haki ya Mungu sijui. Mimi nakaanga ngisi."

Mzee Abbasi alimwangalia. Midomo ikamtetemeka. Akamvuta kijana yule kifuani pake, kanzu fupi na harufu ya mafuta ya samaki na yote.

"Allahu Akbar," akasema. "Huyu ndiye. Mama Sabaha! Shehe bado yupo msikitini, mwiteni aje. Tunafunga ndoa leo leo."

Ami Nurdin, mdomo wa Feri nzima, alifungua kinywa pasitoke kitu. Ramadhan alikuwa ametupa jicho kwenye pazia la uani, akamwona Sabaha, na akaanza kutabasamu. Tabasamu lile sikulipenda hata kidogo. Uani safari hii hakukuwa na kigelegele. Sabaha alikuwa amesimama mlangoni na mkono mdomoni, ananitazama mimi peke yangu.

Shehe akafika, akavua viatu, akapewa nafasi katikati ya mkeka.

"Kabla hujaanza, shehe," Mzee Abbasi akasema, "kuna kiapo. Injinia, simama. Nataka uape mbele ya shehe, mbele ya Bushiri na wazee hawa, kwamba hutamfuata tena mwanangu. Na kiapo hakiapwi kwa jina la dukani. Taja jina lako ulilopewa na wazazi wako. Haya, nifuatishe: Mimi, fulani bin fulani, naapa kwamba sitamkaribia Sabaha, mke wa Bushiri."

Nikasimama.

"Mimi," nikaanza. Jina lililofuata, tukijaliwa, mtalisoma wiki ijayo.